Faili yako inasema 1942 ama 1960?

Wasee, uko steji ya Kencom, unaangalia saa kwa simu, unaamini tu. Simu inajua tuko masaa matatu mbele ya Greenwich kwa sababu ya faili ndogo ndani yake. Sehemu yetu inaitwa Africa/Nairobi.

Nilipoacha chuo nikaanza kujifunza kuprogramu kwa bedsita Kawangware, hiyo faili ilinifunza historia kuliko darasa. Mkoloni alichezea saa yetu sana. 1928 tukawa masaa matatu mbele. 1930 tukarudishwa hadi mawili na nusu. 1937 ikawa mawili na dakika 45. Babu zetu hawakuulizwa.

Tulirudi kwa matatu lini? Faili za zamani zinasema 1960. Rekodi zikachunguzwa tena, ikawa ni Agosti 1942. Shida ni kwamba maktaba za programu, kama pytz ya Python, hubeba nakala yao. Usipoisasisha, bado itakuambia 1960, bila aibu.

Unadhani ni mambo ya kale? Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Seva ya Westlands yenye nakala ya zamani bado ingedhani Juba na Nairobi ziko saa moja. Panga mkutano hivyo, mmoja wenu atangoja saa nzima.

Serikali ikiamua, mashine haijui mpaka mtu aiambie. Angalia yako leo, uniambie hapo chini imesema mwaka gani.