Karanga na Kompyuta

Kwetu Mkotokuyana, wazee walipotaka kutaja miaka ya utoto wao walisema, "Wakati wa karanga." Sikujua kwamba karanga hizo na kompyuta ni wa rika moja.

Februari 1946, Marekani ilionyesha ENIAC, kompyuta ya elektroniki yenye valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Mwaka huohuo John Wakefield na wenzake wawili walizunguka huku kwetu wiki tisa, kisha wakapendekeza zilimwe zaidi ya ekari milioni 3 za karanga. Serikali ya Uingereza ikakubali, na matrekta yakaletwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, mashine ya Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill iliendesha programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe. Ilitafuta kigawo kikubwa cha 262,144, namba yenyewe ikiondolewa. Baada ya dakika 52 ikajibu: 131,072. Utacheka, maana ni nusu tu! Lakini walichagua swali jepesi ili jibu liweze kuhakikiwa.

Wenye karanga hawakuanza na shamba dogo la kujaribia. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, na mvua haikufuata makadirio. Mwaka 1951 mpango uliachwa, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa baadaye.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya ICT 1500, ya kwanza nchini. Baadaye hesabu za serikali zilizowekwa katika kompyuta zikavurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku, ila kwa kibali.

Siku hizo za marufuku nilikuwa karani wa kupima korosho, silaha yangu kalamu. Siku moja nikaandika kilo 31 badala ya 81. Mzee yule, asiyejua kusoma, alipokea fedha kimya. Mwanawe akakosa ada. Yeye alijua mzigo wake tangu nyumbani. Mimi sikumwuliza.

Ndipo nilipowaelewa watu wa Manchester. Iwe mashine, iwe karani, kwanza ipimwe kwa jambo ambalo jibu lake lipo tayari. Na mara nyingi jibu hilo analo mwenye mzigo.