Muvi iliyoungua Berlin, ikakutwa kabatini Norway!

Wadau wa muvi za zamani, mnaijua The Passion of Joan of Arc? Ni filamu isiyo na sauti, Carl Theodor Dreyer wa Denmark aliitengeneza Ufaransa, ikatoka 1928. Mwaka huohuo negativu yake ikaungua Berlin. Dreyer akaunga nyingine kwa vipande alivyokuwa ameviweka pembeni, nayo ikaungua. Jamaa akafariki 1968, ile ya kwanza haijaonekana. Kumbe ipo! 1981 kopi ikakutwa kwenye kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili, jirani na Oslo. Tunaiona leo kwa sababu haikutupwa. Hivyo zile kanda za mzee hapo nyumbani, zicheki kwanza kabla hujazitupa. Wewe unaisaka muvi gani?