Pikapu ya dizeli imekosa nguvu? Pima akchueta kabla ya kununua turbo

Pikapu inayobeba pamba au mahindi kutoka Mugeta kwenda Bunda mjini hufanya kazi ngumu: mzigo mzito, vumbi, na mwendo wa kupanda na kushuka. Siku ikikosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, jibu linalosikika haraka gereji ni moja: "Turbo imekufa."

Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi turbo yenyewe ni nzima, kilichogoma ni akchueta, yaani kifaa kidogo kinachoiamuru turbo. Mara nyingine hata akchueta haina kosa, ni mpira wa hewa tu umepasuka. Kwa kuwa turbo nzima ni kati ya vipuri vya bei kubwa kwenye gari la dizeli, vipimo vya nusu saa vinaweza kuokoa mauzo ya msimu mzima.

Akchueta inafanya nini?

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, halafu inasukuma hewa nyingi kuingia ndani. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri na gari linapata nguvu. Akchueta ndiyo inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani. Ziko za aina tatu:

- Ya presha: ni kikopo chenye fimbo. Presha ya turbo ikizidi, fimbo inafungua mlango ili moshi mwingine upite pembeni. Ipo kwenye turbo za zamani na zile rahisi.
- Ya vakyumu: ni kikopo pia, ila kinavutwa na pampu ya vakyumu. Fimbo yake inageuza mapanga madogo ndani ya turbo. Ipo kwenye Isuzu D-Max nyingi za injini ya 4JJ1 na Nissan Navara za YD25.
- Ya umeme: ina mota na gia ndani, na plagi ya waya. Toyota Hilux za injini ya 1KD ya lita 3.0 zinatumia hii.

Angalizo: Land Cruiser za injini ya 1HZ, lita 4.2, hazikutoka kiwandani na turbo. Ukiambiwa akchueta yake ni mbovu, uliza kwanza turbo iko wapi.

Dalili za akchueta inayokufa

- Gari linakuwa zito kupanda mlima, hasa likiwa na mzigo.
- Moshi mweusi unatoka ukikanyaga mafuta. Maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa.
- Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na gari linajifunga, halizidi mwendo fulani.
- Ukizima na kuwasha tena, nguvu inarudi kwa muda, kisha linajifunga upya. Hii ni dalili kubwa ya fimbo au mapanga yanayokwama.
- Dizeli inaisha haraka kuliko kawaida.

Moshi wa bluu ni kesi nyingine. Huo ni wa oili inayoungua, na hapo turbo au injini yenyewe inahitaji kuangaliwa. Gari likikosa nguvu bila moshi wowote, anza na filta ya dizeli.

Hatua ya 1: Anza na vitu vya bure

Fungua filta ya hewa. Kwa vumbi la kiangazi, filta iliyoziba peke yake inatosha kuleta moshi mweusi.

Kagua mipira mikubwa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Alama ya oili mbichi kwenye maungio, au mlio kama filimbi ukikanyaga mafuta, unaonyesha hewa inavuja. Kagua pia mipira myembamba inayokwenda kwenye akchueta. Inapasuka kwa joto na mara nyingi ufa unajificha upande wa chini.

Hatua ya 2: Angalia fimbo ikifanya kazi

Mtu mmoja awashe gari, mwingine atazame fimbo. Mikono, nguo na waya vikae mbali na feni na mikanda.

Kwa akchueta ya vakyumu, kwa kawaida fimbo inavutwa injini inapowaka na inarudi inapozimwa. Isiposogea kabisa, au ikisogea kwa kushtuka-shtuka, tatizo liko karibu.

Ya umeme, nyingi hujipima zenyewe swichi inapofunguliwa au kufungwa: mkono wake unasogea mwanzo hadi mwisho na kurudi. Ukisikia gia zinasaga, au mkono ukiishia njiani, weka alama ya kuuliza hapo. Usiulazimishe kwa bisibisi, gia za ndani zinaweza kuvunjika.

Hatua ya 3: Pima kikopo

Kipimo kizuri ni pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Kama haipo, bomba la sindano la ml 60 linalouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo linasaidia. Chomoa mpira wa gari kwenye akchueta, unganisha bomba la sindano kwa mpira mwembamba, kisha vuta.

Fimbo inatakiwa isogee taratibu bila kukwama, na ibaki pale pale. Ikisogea kisha ikarudi yenyewe huku umeshikilia, diaframu ya ndani imetoboka. Kikopo hicho kimekufa.

Kwa akchueta ya presha, tumia pampu ya baiskeli na uongeze hewa taratibu. Usitumie upepo wa kompresa ya tairi moja kwa moja, unaweza kupasua kikopo kizima.

Hatua ya 4: Fuata vakyumu ilikotoka

Kikopo kikiwa kizima lakini fimbo haisogei gari likiwa linaunguruma, rudi nyuma. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu ya vakyumu na uweke kidole. Ukivutwa kwa nguvu pale, lakini mpira wa akchueta hauvuti, shuku solenoidi iliyo katikati au waya zake.

Pampu nayo ikiwa haivuti, jiulize kama pedali ya breki imekuwa ngumu siku hizi. Kwenye pikapu nyingi za dizeli pampu hiyo hiyo ndiyo inayosaidia breki. Hapo si suala la nguvu tena, ni usalama. Gari lisipakie mzigo hadi litengenezwe.

Hatua ya 5: Tenganisha akchueta na turbo

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa sana, na ndicho kinachomaliza ubishi. Injini ikiwa imepoa, toa klipu inayoshikilia fimbo kwenye mkono wa turbo. Kisha sogeza mkono wa turbo kwa vidole.

- Ukienda laini mwanzo hadi mwisho: turbo upande huo ni nzima. Kosa ni la akchueta au kinachoiendesha.
- Ukikwama au ukiwa mgumu: mapanga ndani yameshikwa na masizi au kutu. Ukifunga akchueta mpya hapo, nayo itaumia. Turbo inatakiwa ifunguliwe na kusafishwa na fundi anayeijua.

Hatua ya 6: Tumia simu

Kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya dashibodi kinaunganishwa na simu kwa bluetooth. Programu kama Torque au Car Scanner zinasoma kodi za hitilafu:

- P0299: presha ya turbo iko chini.
- P0234: presha imezidi.
- P0045: njia ya umeme ya kuongoza turbo ina hitilafu.
- P2563: sensa ya mkao wa akchueta inatoa taarifa isiyo sahihi.

Kodi inaonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. P0299 inaweza kuletwa na mpira uliopasuka sawa na akchueta iliyokufa.

Kabla ya kuwasha injini, fungua swichi na usome presha ya hewa ya kuingilia, inayoandikwa MAP. Gari likiwa limezimwa, sensa inapima hewa ya kawaida tu. Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, inasoma takriban 100 kPa. Ukanda wa Ziwa Victoria, ambako maji ya ziwa yapo takriban mita 1,134 juu ya bahari, tarajia kama 86 hadi 89. Ikitofautiana sana na hapo, huenda sensa ndiyo inayodanganya kompyuta, na turbo inasingiziwa.

Makosa ya kuepuka

Usikubali fimbo ifungwe kwa waya ili gari "livute". Presha ikikosa mdhibiti inaweza kuua turbo na gasketi ya silinda hedi, au injini yote.

Usiguse skrubu ya kusetia fimbo kwa kubahatisha. Na akchueta ya umeme haibadilishwi kama balbu: nyingi zinahitaji kusetiwa na turbo yake, hivyo uliza kabla ya kununua ya mtumba.

Mwisho, gari likipelekwa gereji, mwenye gari aombe kuonyeshwa hatua ya 3 na ya 5 kabla ya kutoa hela. Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha fimbo ilipokwama.