Salfa Iliyotulipia Karo

Wengi wetu tuliopita shuleni hapa katika miaka ya tisini tulilipiwa karo na korosho, na korosho zile ziliokolewa na salfa. Nalitaja hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimekuja kuitukana.

Vijana walioko madarasani sasa hawakuuona msiba wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka Mtwara na Lindi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali na kuota msitu. Bei nayo ilivunja moyo. Juu ya hayo ukaja ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Watafiti wa Naliendele wakaonyesha kuwa unga wa salfa huuzuia, na zao likafufuka.

Namkumbuka baba mwaka 1996, nami niko kidato cha pili, nimerudi likizo ya Juni: alfajiri, umande ungali majanini, mashine ya kupulizia mgongoni, wingu la manjano juu ya mikorosho. Macho yalituwasha hadi adhuhuri. Upepo ulipoanza kazi ilikoma, nasi tukaamini kuwa salfa iliyobaki imechukuliwa nao.

Haikuchukuliwa yote. Hili nimeonyeshwa na mzee mmoja, mhandisi wa kemikali mstaafu, aliyesoma shule yetu miaka mingi kabla yangu. Amerudi Lindi kupumzika, lakini hapumziki. Alianza na mabwawa ya bondeni, akichovya karatasi za litmasi pale watu wanapoteka maji. Hakuona kitu. Ndipo akapanda shambani, akachota udongo chini ya mkorosho mkongwe, akaukoroga katika maji safi. Karatasi ikawa nyekundu. Udongo wa kichakani, hatua chache tu kutoka pale, haukuigeuza hivyo.

“Mwanangu,” aliniambia, “DDT hukaa kwa sababu ni ngumu kugeuka. Hii hukaa kwa sababu inageuka.” Marekani ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1972, na hata leo masalia yake hupatikana katika mafuta ya samaki. Salfa haina tabia hiyo. Vijidudu vya udongoni huigeuza asidi ya salfa. Mvua inaponyesha, asidi hiyo huondoka na kalisi na magnesi, na alumini iliyofungika udongoni huachiwa na kudhuru mizizi. Mkorosho huvumilia. Mahindi na kunde zilizopandwa katikati yake hazivumilii, nasi husema shamba limechoka.

Watafiti waliliandika jambo hili tangu miaka ya tisini. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimekaa katika vikao vingi vya pembejeo. Tulihesabu mifuko ya salfa hadi wa mwisho, na sikumbuki hata siku moja tulipouliza habari za udongo. Nami nilikuwemo.

Dawa yenyewe wazee wa Kilwa waliijua kwa kazi nyingine. Husuni Kubwa, ya karne ya 14, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na chokaa ndiyo inayoua asidi. Udongo ulio juu ya mawe hayo pwani hujitetea wenyewe. Mchanga wa nyanda za juu, ambako mikorosho ni mingi, hauna kinga hiyo. Mzee ameagiza viroba vya chokaa kutoka Kilwa, akamwaga chini ya mikorosho mitatu ya nduguye na kupanda kunde. (Husisitiza kuwa ni mawe ya nchi kavu, matumbawe hai ya baharini yaachwe.) Gharama ya kuisafirisha hadi bara ndiyo inayomkosesha usingizi.

Baba angali anapuliza. Nilipomweleza haya alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Na bila salfa, wajukuu watasoma kwa nini?” Sikuwa na jibu. Safari iliyofuata nilimpelekea kiroba kimoja cha chokaa.