Ukungu wa Calhoun: data ya hewa ilipopewa nguvu ya kufunga barabara

Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 1990, magari 99 yaligongana kwenye barabara kuu ya I-75 karibu na mji wa Calhoun, jimbo la Tennessee, Marekani. Watu 12 walikufa, 42 wakajeruhiwa. Chanzo chake hakikuwa mvua wala theluji. Ulikuwa ukungu.

Je, ukungu ule ulikuwa mgeni pale? Hata kidogo. Barabara hiyo inavuka Mto Hiwassee. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, hewa baridi huteremka bondeni, na mvuke wa mtoni hugeuka vitone vidogo vinavyoelea. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata tu watu walishakufa hapo kwa ajali ya ukungu. Mabango ya tahadhari yaliwekwa baadaye, lakini bango halijui leo hewa ikoje. Ukilipita mara mia jua likiwaka, unalizoea.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipochunguza ajali ya 1990, ilitaja jambo moja muhimu: madereva walipoacha kuona ghafla, kila mmoja alichagua mwendo wake. Mmoja anafunga breki, mwingine anapunguza kidogo tu, na nyuma linakuja lori. Kwa hiyo kumwambia dereva "kuna ukungu" haitoshi. Inabidi wote wapunguze kwa pamoja, tena kabla hawajauingia.

Ndivyo mfumo uliojengwa miaka michache baadaye ulivyofikiri. Kwenye takriban kilomita 30 za barabara viliwekwa vifaa vinavyorusha mwanga hewani na kupima unavyotawanywa na vitone vya maji. Kompyuta inatafsiri hicho kuwa umbali ambao dereva anaweza kuona, halafu vibao vya umeme vinabadilika: mfumo ulipoanza, kikomo cha mwendo kilikuwa kikishuka kutoka maili 65 kwa saa (kama kilomita 105) hadi 50, kisha 35. Umbali wa kuona ukipungua chini ya mita 73 hivi, polisi wanafunga barabara kabisa.

Kwa nini 73? Hebu piga hesabu. Kwa kilomita 105 kwa saa, gari linakula mita 29 kila sekunde. Mita 73 zinaisha kwa sekunde mbili na nusu, na mguu wako ndiyo kwanza unakanyaga breki.

Waliowahi kupita Kinale alfajiri wakielekea Nakuru wanaufahamu ukungu wa namna hii. Utabiri wa redioni unaweza kusema nyanda za juu zitakuwa na ukungu, na ukawa sahihi kabisa, lakini hauwezi kumwambia dereva wa matatu kwamba kona inayofuata haionekani. Hilo linahitaji kipimo kilichopo pale pale barabarani, pamoja na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha magari kikishasoma vibaya. Tennessee walipata vyote viwili baada ya miaka 20 na vifo vingi.