Mji Usio na Kwato

Historia za miji ya kale zina harufu ya mbolea ya farasi. London ya karne ya 19 ilikuwa na mabanda ya farasi nyuma ya mitaa ya matajiri, Cairo ilikuwa na punda wa kukodi, na Lamu hadi leo saruji na magunia ya sokoni hubebwa na punda, ambao tangu 1987 wana zahanati yao wenyewe. Nairobi nayo, ilipokuwa bado mji wa mabati, ilijaa farasi na nyumbu. Ukija na matarajio hayo Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, utatafuta kwato na hutaziona. Hapakuwa na mtaa wa mabanda ya farasi, wala uwanja wa kupumzishia punda. Mizigo ilikuwepo, tena mizito: chumvi, shaba, pamba, kahawa, samaki. Tutauliza basi ilibebwa na nani, na wabebaji walipumzika wapi.

Mhalifu wa kwanza anajulikana. Mwaka 1895, kusini mwa Afrika katika nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi David Bruce alianza kuonyesha kwamba ugonjwa wa nagana, unaoua ng'ombe na farasi, huenezwa na mbung'o. Mwaka 1903 Bruce huyohuyo alikuwa Entebbe, akifuatilia malale yaliyokuwa yakimaliza watu kando ya Ziwa Victoria, na mbung'o akapatikana na hatia tena. Bonde lililo kati ya Ziwa George na Ziwa Edward, lenye joto, vichaka na wanyama wa pori, lilikuwa makao mazuri ya mdudu huyo. Farasi hakustahimili hata kidogo. Punda alijikaza zaidi, lakini naye hakuishi kwa muda wa kumfaa mwenye mali.

Si haki, hata hivyo, kumtwika mbung'o lawama yote. Wasongora walifuga ng'ombe katika tambarare hizi kwa vizazi vingi, wakijua wapi pa kuchungia na wapi pa kuepuka. Ila ng'ombe wao walikuwa wa maziwa, mahari na heshima, na hakuna aliyewafunga nira. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliyokuwa ikishuka kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika ilipita falme za Ankole na Toro na kuacha mizoga. Aliyekuwa na wazo la kukokota mzigo kwa ng'ombe hakuwa tena na ng'ombe. Akabaki binadamu.

Binadamu huyo alikuwa na kazi tangu zamani, kwa sababu ya Katwe. Ziwa la Katwe limo ndani ya shimo la volkano iliyozimika, karibu na ukingo wa Ziwa Edward. Maji yake hayana pa kutokea; jua huyakausha na chumvi hubaki. Wanaume huingia mpaka kiunoni na kuvunja mabamba magumu ya chumvi chini ya maji, kisha huyasukuma ufukweni kwa vyelezo vya magogo. Kandokando mwa ziwa kuna mabwawa madogo yaliyozungushiwa matuta ya udongo, kila moja likiwa na mwenyewe, na humo hukusanywa chumvi laini msimu wa kiangazi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kazi ya wiki nyingi huyeyuka. Pamoja na hayo, udongo wa Katwe hauoteshi chakula cha kutosha, kwa hiyo mchimba chumvi hakuweza kukaa na chumvi yake. Ilibidi isafiri ili yeye ale.

Ikasafiri kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Edward hadi upande ambao leo ni Kongo, na kwa vichwa kupanda vilima vya Wakonzo, kwenda Ankole na Bunyoro. Kwenye njia hizo kichwa cha mtu ndicho kilichokuwa kipimo cha biashara: hakuna aliyefunga mzigo mkubwa kuliko ule ambao shingo moja inaweza kuupandisha mlima. Msafara wa pwani ulikuwa na kipimo kama hicho, takriban frasila mbili kwa kila mpagazi.

Waliokuja kutawala walielewa haraka thamani ya shimo lile. Mwaka 1889 msafiri Henry Morton Stanley alipita Katwe akiwa na gavana Emin Pasha, akakuta linashikiliwa na Abarusura, askari wa Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro. Miaka miwili baadaye alifika Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akiwa na Kasagama, mwana wa mfalme wa Toro aliyekuwa anarudishwa kwenye kiti. Lugard alijenga ngome palepale juu ya ziwa na kuiita Fort George. Ukiangalia ramani utaona mantiki yake: mwenye Katwe anamnyima adui fedha bila kumfukuza porini.

Utawala wa kikoloni ulipokaa vizuri, ubebaji ulibadilika tabia. Zamani mtu alibeba mzigo wake au wa jamaa yake ili apate kitu. Sasa alibeba wa serikali kwa sababu ameitwa. Kodi ya nyumba iliyoingizwa na mikataba ya 1900 ilimsukuma asiye na fedha kulipa kwa jasho. Maofisa wa wilaya walisafiri na hema, vitanda na masanduku ya vyakula vya makopo, vyote juu ya vichwa vya watu. Hata pamba, zao lililotarajiwa kuilipia Uganda gharama zake, katika sehemu nyingi ilifika kwenye mitambo kichwani au kwa mikokoteni iliyokokotwa na wanadamu. Msomaji wa Mombasa asicheke: mjini kwake, mpaka miaka ya 1920, waungwana walipita mitaani wamekaa kwenye vigari vya toroli vinavyosukumwa na vijana juu ya reli nyembamba.

Malale yakafika pia huku magharibi, na wakoloni wakawahamisha watu kutoka kingo za maziwa. Vijiji vilivyoachwa vikawa pori, pori likawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 sehemu kubwa ya bonde ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, iliyopewa jina la Malkia Elizabeth alipozuru mwaka 1954. Ndiyo maana leo, ukitoka Kikorongo kuelekea Katwe, lori la chumvi husimama kumpisha tembo. Watalii huambiwa kwamba hii ni nchi ya wanyama tangu mwanzo wa dunia. Wasongora wana maelezo mengine.

Wakati huo Kasese yenyewe haikuwa mji wa kuzungumzwa. Kilichoufanya uwepo ni jiwe la Kilembe, kilomita chache juu yake, katika bonde la mto Nyamwamba. Shaba ilijulikana kuwa huko tangu msafara wa mlima wa Duke wa Abruzzi, mkuu wa Kiitaliano aliyefika kilele cha Margherita mwaka 1906. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikaa bila kuguswa, na sababu ni ileile ya mzigo. Kutoka hapo hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,600. Chumvi unaweza kuifunga katika mafurushi, kila kijiji kikanunua kidogo. Shaba haina mteja njiani.

Kampuni ya Kilembe Mines ilianzishwa mwaka 1950 kwa mtaji wa Kanada, na mambo matatu yakafungwa pamoja: mgodi Kilembe, umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, na reli ya kuviunganisha. Reli kutoka Kampala, yenye urefu wa kilomita zipatazo 333, ilifika Kasese mwaka 1956 baada ya kupita kwenye mabwawa ya mafunjo ambako tuta la udongo lilizama na kujazwa, likazama na kujazwa tena. Mwaka huohuo mgodi ukaanza kutoa shaba. Mawe yalisagwa na kuchujwa Kilembe, unga wake ukashushwa Kasese, ukapakiwa kwenye mabehewa na kwenda Jinja kuyeyushwa.

Sasa palikuwa na mtaa. Kila injini ya mvuke inayofika mwisho wa njia haina budi kupoa, kujazwa maji na mafuta mazito, kukaguliwa magurudumu na breki, kisha kugeuzwa uso kuelekea ilikotoka. Kazi hiyo inataka watu usiku na mchana: mafundi, wachochea moto, wapangaji wa mabehewa, makarani, walinzi. Uwanja wa stesheni ndio zizi la pekee Kasese iliyowahi kuwa nalo, na kama zizi lolote ulivuta waliokula kupitia mnyama. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilizipa injini zake nyingi majina ya makabila ya ukanda huu, kwa hiyo kabila zima liliweza kukokota mabehewa ya watu wa kabila jingine. Kando ya stesheni yalikua maduka ya Wahindi, mafundi cherehani, hoteli za chai, na vyumba vya kupanga vya wachimba migodi waliotoka Kigezi, Rwanda, Kongo na kwingineko. Mkonzo, Mtoro, Mkiga na Mnyarwanda walipokutana kwenye mashimo ya Kilembe au kwenye foleni ya tiketi za daraja la tatu, Kiswahili kiliwatosha. Uganda ya kusini mara nyingi imekitazama Kiswahili kama lugha ya askari. Kasese kilikuwa pia lugha ya mshahara.

Mshahara huo haukumfikia kila mtu kwa usawa. Mwaka 1962, kabla ya uhuru, Wakonzo na Waamba waliotoka katika baraza la Toro walitangaza Rwenzururu, utawala wao wenyewe, wakiongozwa na Isaya Mukirane. Walilalamikia kutawaliwa na Toro na kunyimwa shule na vyeo. Treni ilikuwa inapita chini na shaba, na juu milimani watu walikuwa wanaficha silaha. Mapambano yale yalichukua miaka 20, mpaka Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, aliposhuka na kusalimisha silaha mwaka 1982.

Kuvunjika kwa mtaa wa stesheni kulianzia mbali. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka, na maduka yakabadili wenyewe. Wakanada nao wakauacha mgodi mikononi mwa serikali katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na Uganda ikabaki na njia ndefu na vipuri vichache. Vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin vikafuata. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kutoa takriban tani 271,000 za shaba. Treni ziliendelea kujikongoja, zikibeba abiria na saruji ya kiwanda cha Hima, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipokoma. Nyasi zikafunika mataruma, na saruji ikahamia kwenye malori.

Stesheni ilipokuwa inadhoofika, kilomita zipatazo 60 kusini magharibi, Bwera ilikuwa inanenepa. Njia ya kwenda huko hutoka Kikorongo, ikapita Kinyamaseke na Kisinga, na kuishia Mpondwe kwenye mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu waliogawanywa na mpaka, na mto wenyewe si mpana. Enzi za Amin bodi ya serikali ililipa kahawa bei ya dhihaka, huku Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikilipa vizuri zaidi. Mkulima wa mlimani hakuhitaji kufundishwa hesabu. Kahawa ilivuka usiku kwa vichwa na migongo, ikarudi sabuni, vitenge na chumvi ya viwandani. Magendo yaliirudisha kazi ya mpagazi, safari hii kwa malipo ambayo mbebaji aliyapanga mwenyewe.

Kisha baiskeli. Baiskeli ya mzigo katika vilima vya Bukonzo haipandwi, husukumwa: fito moja hufungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, nyingine nyuma ya kiti, na gunia hulala katikati. Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Watu wa Butembo na Goma walipata jibu lao, chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na makaa, na mwaka 2009 Goma ikakijengea sanamu. Upande wa Uganda zilikuja bodaboda, zilizoanzia kwenye mpaka wa Busia miaka ya 1960 kama baiskeli na baadaye zikawa pikipiki. Leo vijana wa Bwera wenye pikipiki huegesha chini ya mti au karibu na kituo cha mafuta, wakigombania abiria kama makarani wa zamani walivyogombania mabehewa.

Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera kutoka Kongo, na kwa miaka kadhaa barabara ya Bwera ilisafirisha wakimbizi zaidi kuliko kahawa. Mwaka 2019 Ebola ilivuka, na mgonjwa wa kwanza akatibiwa hospitali ya Bwera. Wabebaji wakaanza kupimwa joto na kunawa mikono kabla ya kuvuka na magunia. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni, na mwaka uliofuata Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekwisha kufufuliwa.

Malori sasa hupanga foleni ndefu kabla ya forodha, na madereva hulala chini ya magari yao wakisubiri hati. Mwenye gunia moja au mawili hasubiri. Hukubaliana bei na kijana mwenye mabega, au na mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndizi kichwani, na mzigo huvuka daraja kwa miguu.