Dhamana ya Sauti: Walimu wa Uimbaji wa Ulaya na Wanafunzi Wao

Mwalimu wa uimbaji hukabidhiwa kitu asichoweza kukiona wala kukishika. Zeze likikatika uzi hutiwa mwingine; nyuzi za sauti zimo ndani ya koo la mwanafunzi, na zikiharibika hazina mbadala. Mwanafunzi naye hujisikia kwa ndani tofauti na anavyosikika kwa nje, hivyo hana budi kuliamini sikio la mwalimu kuliko lake mwenyewe. Imani hiyo ya lazima ndiyo huufanya uhusiano wao uwe mzito, na walimu wa Ulaya walichukua muda mrefu kuutambua uzito huo.

Katika jiji la Naples, Italia, uimbaji ulifundishwa katika konsevatori nne zilizoanza kama makao ya yatima na watoto wa maskini. Santa Maria di Loreto, iliyo kongwe kati yake, ilianzishwa mwaka 1537. Mtoto aliyepokelewa alifungwa na mkataba wa miaka mingi: alilishwa, akavishwa na kufundishwa, naye akalipa kwa kuimba ibadani, kwenye maandamano ya dini na mazishini, mapato yakiingia katika mfuko wa makao. Mafunzo yenyewe yalisifika kote Ulaya kwa ubora. Hata hivyo deni lilihesabiwa upande wa mtoto tu. Waliodhulumiwa zaidi ni wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe ili sauti zao zisivunjike. Kanisa lililaani kitendo hicho, na papo hapo kwaya zake zikawaajiri waliofanyiwa. Wachache walitajirika, walio wengi hawakuvuka kwaya za makanisa madogo, na walichopoteza hakikuweza kurudishwa.

Mwalimu mashuhuri wa zama hizo alikuwa Nicola Porpora (1686–1768). Mwanafunzi wake Carlo Broschi, aliyejulikana kwa jina la Farinelli, alipanda jukwaani Naples mwaka 1720 akiwa na miaka 15, katika kazi iliyotungwa na mwalimu huyohuyo. Ipo hadithi isimuliwayo sana kwamba Porpora alimshikilia mwanafunzi mwingine, Caffarelli, kwa ukurasa mmoja wa mazoezi miaka mitano au sita, kisha akamwambia aende zake, kwa kuwa amekwisha kuwa mwimbaji mkuu wa Ulaya. Ushahidi wake ni mdogo, lakini inaonyesha utii uliotarajiwa: mwanafunzi hakuuliza sababu. Porpora alipokuwa Vienna miaka ya 1750, kijana Joseph Haydn alimpigia kinanda wakati wa masomo ya uimbaji na kumtumikia kama mtumishi wa nyumbani, malipo yake yakiwa ni elimu.

Sauti moja ya mapema iliyougeuza mzigo na kumtwika mwalimu ilitoka kwa Pier Francesco Tosi, mwimbaji aliyekuwa mwenyewe amehasiwa, katika kitabu alichochapisha Bologna mwaka 1723. Tosi alimtaka mwalimu amsikilize mtoto kwa sikio lisilo na tamaa kabla ya kumpokea, na kumkataa asiyekuwa na sauti wala kipaji. Asipofanya hivyo, alionya, atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa fedha za wazazi zilizopotea bure na kwa miaka ya mtoto ambayo ingemfaa katika kazi nyingine. Onyo hilo lina thamani hadi leo, kwa sababu linaanza pale ambapo mwalimu hushawishika zaidi: wakati wa kupokea ada.

Karne moja baadaye, suala hilo liliigusa familia moja kwa undani usio wa kawaida. Manuel García (1775–1832), tenori kutoka Seville, ndiye aliyeimba nafasi ya Almaviva katika onyesho la kwanza la opera ya Rossini ya kinyozi wa Seville, Roma, mwaka 1816. Aliwafundisha watoto wake mwenyewe, na ukali wake ulivuma kote. Binti yake Maria, aliyepata sifa kwa jina la Malibran, aliolewa New York mwaka 1826 kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi walioandika maisha yake wanaiona ndoa hiyo kuwa njia ya kumkimbia baba. Mwanawe, aliyeitwa Manuel kama yeye, alizaliwa mwaka 1805 na kuimba katika ziara ya familia huko Marekani, ileile ambamo Maria aliolewa. Sauti yake ilichakaa kwa kutumikishwa kupita kiasi akiwa bado kijana, akaacha jukwaa.

Kijana huyo alifuatana na jeshi la Ufaransa hadi Algiers mwaka 1830, kisha akafanya kazi katika hospitali za kijeshi, ambako alichunguza koo na zoloto kwa karibu. Mwaka 1840 aliwasilisha utafiti wake juu ya sauti ya binadamu mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Hapa ndipo historia ya ualimu wa sauti inapogeuka. Aliyepoteza sauti mikononi mwa mwalimu hakurithi ukali wa mwalimu huyo. Alitaka kujua kwanza kiungo kinafanyaje kazi ndipo akiamrishe.

Mtihani wake ulikuja mwaka 1841. Jenny Lind, Mswidi wa miaka 20, alifika Paris akiwa tayari ni nyota wa Stockholm, lakini koo limechoka kwa maonyesho mengi na utumiaji mbaya wa pumzi. Alipomwimbia García sauti ilimkatikia, na mwalimu akamwambia wazi kwamba hana sauti ya kufundishwa. Lind alimsihi kwa machozi. García alimwamuru anyamaze wiki sita, asiimbe kabisa na azungumze kwa uchache, ndipo arudi asikilizwe upya. Angeweza kuanza kutoza ada siku ileile kwa kutumia jina la nyota. Lind alitii, akarudi, akasoma karibu miezi 10, na mwaka 1842 akaimba katika opera ya Norma huko Stockholm. Baadhi ya wasikilizaji makini waliendelea kusikia ukungu kidogo katika sauti zake za kati. Ukweli wa mwalimu uliokoa kilichosalia.

Mwaka 1854 García alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuziangalia nyuzi zake mwenyewe za sauti zikitembea, akaisomea Royal Society ya London matokeo mwaka uliofuata. Hata hivyo elimu haikuzuia makosa. Agizo lake kuhusu namna ya kuanzisha noti kwa nyuzi zilizofungwa vizuri lilichukuliwa vibaya na walimu wengine, wakawafanya wanafunzi wagonge koo kwa nguvu, kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameonya dhidi yake. Mwanafunzi wake Mathilde Marchesi, mwalimu wa mwimbaji Nellie Melba, aliweka mipaka iliyo wazi zaidi: anayeanza afanye mazoezi dakika chache tu kwa mkupuo mmoja, kisha apumzike. Lind naye aligeuka mwalimu: alikuwa profesa wa uimbaji wa Royal College of Music ya London ilipofunguliwa mwaka 1883.

Yaliyokuwa hiari ya mwalimu mmoja mmoja yaliandikwa kuwa kanuni katika karne ya 20. Chama cha walimu wa uimbaji cha Marekani, NATS, kilichoundwa mwaka 1944, kina kanuni za maadili zinazowakataza wanachama kutoa ahadi za uongo kuhusu mafanikio ya mwanafunzi na kuwavuta wanafunzi wa walimu wenzao.